Safu ya Maoni

Kwa miaka minane Mama Jedwali aliandika habari za ufuta na mazao mengine ya nchi nzima bila kushika hata punje moja. Usimcheke bado. Kazi hiyo alipewa na watu wenye vyeti vya kujaza ukuta, wakamweka kwenye chumba chenye dirisha lisilofunguka, wakamletea fomu kutoka vituo mia moja na kumi na viwili vya kununulia mazao, wakamwambia panga. Akapanga. Alipanga mpaka wenzake wakalisahau jina lake la kuzaliwa, wakabaki na hili la Mama Jedwali, na mwenyewe akawa analiitikia.

Jedwali lake liliingia kila mwaka katika kitabu cha kilimo na biashara. Wakubwa wakitaka kujua wapi pamba imelala, wapi mahindi yamezidi, wapi ufuta haufai kupelekwa nje, walifungua ukurasa wake. Meza yake ilikuwa jirani na mlango wa choo, lakini kila alipouona ukurasa ule umechapwa, mistari imenyooka, hakuna kilichotoka nje ya pambizo, alijiona na yeye yumo.

Katika vituo vyote, kimoja tu kilimchoma roho: namba arobaini na saba, cha kwao, kule alikozaliwa. Mwaka uingie mwaka utoke, ufuta wa arobaini na saba ulikuwa daraja la tatu. Daraja la tatu ndilo la mwisho, chini yake ni chakula cha kuku. Alipofika kwenye mstari huo alichapa haraka haraka, kama mtu anayepita mbele ya nyumba ya watu aliogombana nao.

Kaka yake wa pekee aliuza ufuta hapo. Shamba lilikuwa la baba yao, na kaka ndiye aliyebaki kulilima, yeye na mkewe. Mama Jedwali utotoni alikuwa haachani na baba yake, popote mzee alipokanyaga naye yupo nyuma, hata nyumbani wakamwita Mkia. Baadaye akaenda shule, shule ikampeleka mjini, mji ukampa ile meza ya jirani na choo. Miaka miwili iliyopita baba akafariki.

Sasa sikiliza alilolifanya msibani. Siku ya tatu, watu wamejaa uani, kaka akawa analalamika kwa wajomba kwamba bei ya daraja la tatu inawamaliza. Hakuwa akimsema mtu. Mama Jedwali akasimama, akajifunga kanga vizuri kama anayekwenda kuhutubia, akasema, "Kaka, acha kulaumu bei. Namba zenu ninazo mimi. Mnauza taka, na baba amekufa na aibu yenu." Kaka aliinuka, akaenda nyuma ya nyumba, akakaa huko mpaka watu wakatawanyika. Tangu siku ile hajawahi kumpigia simu dada yake, na ya dada yake ikiingia anampa mkewe aipokee.

Na Mama Jedwali hakujuta. Aliona amesema kweli. Kweli gani kubwa kuliko iliyochapwa?

Mwaka huu ikaja barua kutoka juu. Kituo chochote kilichotoa daraja la tatu miaka mitano mfululizo kifungwe, kisiitie nchi aibu sokoni. Orodha ilitokana na jedwali lake, na arobaini na saba ndicho kilichokuwa cha kwanza. Kikifungwa, wakulima wa kwao wangebaki na mnunuzi mmoja tu, tajiri mwenye lori, anayenunua mlangoni kwa mtu kwa bei aliyoiota. Kamati ilikuwa ikutane Alhamisi kuthibitisha. Kabla ya hapo mkuu wa kitengo alitakiwa atembelee mashamba, maghala na vituo, aone kilimo na biashara kwa macho yake, kisha apeleke ukurasa ukiwa na saini mbili: yake, na ya aliyeutayarisha.

Mkuu huyo ofisini walimwita Bwana Muhtasari. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloudhi zaidi, maana mtu mbaya unamjua pa kumshika. Huyu alikuwa mpole, anakuulizia watoto, anakupisha mlangoni. Ila ukimletea jambo lenye kurasa mbili anakurudishia, anasema, "Fupisha, mama." Alimchukua Mama Jedwali safarini ambebee majedwali, na ukurasa wenyewe akautia kwenye bahasha ya kaki. Alipomwambia asaini kabisa kabla hawajaondoka, Mama Jedwali alisema kalamu yake imekauka. Hakujua kwa nini amesema hivyo. Labda alitaka kwanza akakione kituo kinachomwaibisha.

Walikuwa watatu garini, pamoja na dereva. Wakazunguka siku tisa. Mama Jedwali aliona kiwanda cha kuchambua pamba, akakohoa nyuzi siku mbili. Aliona mahindi yaliyoiva mahali ambapo jedwali lake lilisema hapaoti kitu. Bwana Muhtasari kila walipofika alishuka, akapiga picha mbili, akauliza swali moja, akapanda.

Siku ya tisa wakafika ghala kuu, linalopokea ufuta wa nchi yote kabla haujasafirishwa. Mtunza ghala alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuwatosha wapagazi hamsini, na alipenda kufundisha. Akamshika Mama Jedwali mkono, akampeleka kwenye magunia, akampa bambo. Bambo ni chuma chenye ncha na mfereji katikati. Unalichoma kwenye gunia, unalivuta, linatoka na punje. La pale lilikuwa refu, kutoka kwenye ncha za vidole hadi begani. Unachoma juu, unachoma katikati, unachoma chini, unachanganya, unachekecha, unapima taka zilizobaki. Hapo ndipo unataja daraja.

Mama Jedwali alichoma. Ufuta ukamtiririkia kiganjani, mweupe, mtelezi, wenye harufu ya shamba la baba yake. Miaka minane! Alisimama pale akiuchezea mpaka mpagazi mmoja akamwomba apishe njia.

Alipoinua macho akaona namba. Arobaini na saba, kwa rangi ya buluu, kwenye magunia kama mia mbili. Yalikuwa upande wa daraja la kwanza. Akamwambia mtunza ghala kwamba wapagazi wamekosea. Yule mama akacheka mpaka akashika kiuno. Akasema hao arobaini na saba ndio wanaolipa ghala sifa, wanunuzi wa nje wakipiga simu wanauliza kwanza kama upo. Mama Jedwali akauliza husafishwa wapi njiani. "Kwa mashine ipi, mwenzangu? Tazama mshono," mtunza ghala akasema. "Uzi wa kwao, fundo la kwao. Tajiri wa lori anaununua kituoni kule anauleta hapa, hajui hata kuufungua."

Kwa hiyo ufuta ule ule ulikuwa wa tatu pale unaponunuliwa kwa mkulima, na wa kwanza pale unapouzwa na tajiri. Garini Mama Jedwali alimweleza Bwana Muhtasari, mara ya kwanza polepole, mara ya pili kwa sauti. Bwana Muhtasari akafuta miwani yake, akasema ni jambo la kuvutia, aliweke kwenye maoni. Dereva akamtazama Mama Jedwali kwenye kioo. Mama Jedwali akafungua jedwali lake, akautazama mstari wa arobaini na saba.

Arobaini na saba walifika kesho yake, saa nne asubuhi. Kituo chenyewe kilikuwa jengo la matofali la chumba kimoja, kibaraza mbele, mizani ya kuning'inia, na ukutani karatasi ya kanuni iliyofunikwa nailoni. Foleni ilikuwa ya magunia. Wenyewe walikaa kwenye kivuli cha ukuta, kila mmoja jicho kwenye gunia lake. Baiskeli zilikuwa zimelazwa kila mahali, maana huko kila mkulima huleta gunia lake kwa baiskeli.

Kaka yake alikuwa wa nne kwenye foleni. Alipomwona akasimama, na Mama Jedwali akadhani anakuja. Hakuja. Aliliinamia gunia lake, akalinyoosha lilipokuwa limeshanyooka. "Karibu, mheshimiwa," alisema bila kuinua uso, kama anavyokaribishwa mtu yeyote aliyeshuka kwenye gari la serikali. Watu waliokuwa msibani siku ile walikuwepo, na hakuna aliyejifanya amesahau.

Wifi yake ndiye aliyempa mkono. Mkono ulikuwa mkavu, umepasukapasuka kwenye viungo vya vidole. Wifi aliona anautazama, akamwambia habari zake bila kuzungusha. Tangu yale maneno ya msibani, mumewe hapepeti mara moja tena. Wanapepeta mara tatu, wanachekecha, wanatandika turubai, wanaokota mawe kwa vidole, punje kwa punje, mpaka watoto wa jirani wakawaita wachawi. Na bado tatu. "Sasa wifi, wewe uliyesoma," akasema, "nikauoshe na nini? Nikaulambe?"

Mama Jedwali akasogea kibarazani kutazama kazi.

Mpimaji alikuwa mzee mwembamba aliyevaa koti la kazi lililopauka, na wakulima walimwita Chini Hapo. Jina alilipata kwa haki. Gunia likiletwa alionyesha kona yake ya chini, akasema, "Chini hapo," mwenye gunia akaliinamisha, naye akachoma. Lile la kwanza likatoa ufuta uliochanganyika na vumbi la kijivu. Tatu. La pili, chini hapo, tatu. La tatu, tatu. Hakuchoma juu, hakuchoma katikati.

Mama Jedwali akaona kila kitu kwa mara moja, na hasira ikampanda kutoka miguuni. Gunia limetoka nyumbani kwa baiskeli, njia nzima mashimo, linachekechwa kilomita kumi na tano. Vumbi lote lililobaki, hata liwe kijiko, linashuka kona ya chini. Na huyu mzee anachoma pale pale lilipojikusanya, kisha anataja daraja la gunia zima. Alimwuliza kama hajui kusoma, kanuni si hiyo ukutani, juu, kati, chini.

Chini Hapo hakukasirika. Alimpa bambo lake alishike. Lilikuwa na urefu wa shibiri moja. Alieleza kwamba lilivunjika zamani, ndani ya gunia la mjanja mmoja aliyeficha mawe, akalinoa kilichobaki. Katikati ya gunia halifiki. Juu kunafikika, lakini juu mtu anaweka uso, anamwaga ufuta mzuri wa kumlaghai mpimaji. Aliyemrithisha kazi alimwambia akibaki na pa kuchagua achague chini, chini hakuna anayejipamba. Anajua anawaumiza watu. Analijua hilo kila siku, na ndiyo maana anaomba bambo jipya kila mwaka.

"Unamwomba nani?" Mama Jedwali aliuliza.

"Ninyi. Kwenye fomu. Safu ya mwisho, imeandikwa Maoni."

Nyani haoni kundule.

Maana safu hiyo Mama Jedwali aliijua. Mwaka wake wa kwanza alikuwa ameiingiza, na jedwali likamwagika kwenye ukurasa wa pili. Bwana Muhtasari akalirudisha kwa upole wake, akasema ukurasa mmoja, mama, maoni hayajumlishiki. Akachukua rula, akaikata safu ya mwisho, jedwali likakaa sawa, akapongezwa mbele ya ofisi nzima. Tangu hapo alijitungia utaratibu. Fomu zikifika, kabla hajasoma chochote, anazikunja zote ukingo wa kulia, safu ya maoni inalala nyuma, asisumbuke nayo. Alikuwa na kipande cha mbao cha kukunjia. Alikunja fomu mia moja na kumi na mbili kila mwaka, na alikuwa akijisifu kwa wageni kwamba anazimaliza kabla ya chai.

Aliomba jalada. Chini Hapo akalitoa kabatini, nakala za kaboni za buluu, safi, zimefungwa kwa kamba. Mama Jedwali alikaa juu ya kizingiti cha mlango, kwenye vumbi, na gauni lake la safari, akasoma upande aliokuwa akiukunja.

Mwaka wa kwanza: Bambo limevunjika, tunaomba refu. Wa pili: Bambo bado. Wa tatu: Tunakumbusha habari ya bambo, tunachoma chini tu, wakulima wanaumia. Wa nne: Tunaomba kujua kama fomu hizi zinasomwa. Wa tano ulikuwa na neno moja, Bambo, limepigiwa mstari mara mbili.

Wa sita aliusoma mara tatu. "Mkulima mmoja mzee ametuchongea bambo la mwanzi, dhiraa nzima, amelileta bure. Tunaomba ruhusa ya kulitumia. Anasema tusiwe na wasiwasi, anaye binti hapo ofisini kwenu, ombi hili ataliona mwenyewe."

Tarehe ilikuwa miezi mitatu kabla ya msiba.

Kwa hiyo mzee alingoja. Siku zote tisini za mwisho alikaa kwenye kiti chake akimwambia mpimaji, jibu litakuja, Mkia yupo. Na Mkia alikuwa na kipande chake cha mbao, anakunja. Kisha akaja msibani kwa basi la asubuhi, akala, akasimama, akamwambia kaka yake kwamba baba amekufa na aibu yao. Waliosema mchuma janga hula na wa kwao walimwona yeye. Hakulia. Alikuwa na hasira kubwa mno, na nyingi ilikuwa juu yake mwenyewe, ila ilibaki na ya wengine.

Akauliza mwanzi uko wapi. Chini Hapo akapanda kwenye stuli, akautoa juu ya kabati umefungwa kwa gazeti. Hajawahi kuutumia, alisema, maana kanuni ni kanuni, lakini kuutupa alishindwa. Ulikuwa mwanzi wa zamani uliokomaa, ncha imekatwa mshazari, mfereji umelainishwa kwa kisu mpaka unang'aa. Kwenye mpini palikuwa na alama tatu: juu, kati, chini. Kaka yake aliutambua kutoka kwenye foleni. Akaja, akasimama karibu, bado hamtazami dada yake. Alikuwa hajui kwamba baba aliufikisha kituoni. Alidhani ulipotea.

"Choma gunia langu," kaka alimwambia mpimaji.

Chini Hapo akachoma juu, akachoma kati, akachoma chini, akachanganya, akachekecha, akapima. Akapima tena. Akasema neno ambalo kituo kile hakikuwahi kulisikia kwa miaka minane: "Kwanza."

Hapo Bwana Muhtasari akashuka garini. Alikuwa ameshapiga picha zake mbili. Akaelezwa, akausikiliza mwisho wa habari, akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli. Akasema mwanzi si chombo kinachotambulika. Kipimo chake hakiwezi kuingia popote.

Wifi alimkata jicho kutoka juu hadi chini. Kisha akachomoa shazia, ile sindano nene ya kushonea magunia, kutoka kwenye fundo la kanga yake, akalitatua fundo la gunia, akavuta uzi wote kwa mkupuo mmoja. Mumewe alinyoosha mkono kumzuia, maana gunia lililofunguliwa halipokelewi siku hiyo, akachelewa. Ufuta ukamwagika wote juu ya turubai, kilo sitini na tano. "Bambo la mwanzi halitambuliki," wifi akasema. "Haya. Macho yanatambulika?"

Watu walisogea. Ulikuwa mweupe juu, mweupe ubavuni, mweupe alipoufukua kwa mikono yote miwili. Kwenye kona palipokuwa chini ya gunia palikuwa na vumbi la kujaza kikombe kimoja cha chai. Bwana Muhtasari alitazama, na hakukataa alichokiona. Akasema tu kwamba gunia moja si takwimu, kwamba kitabu kimeshapangwa, kwamba Alhamisi ni keshokutwa. Akatoa bahasha ya kaki. Akamwambia Mama Jedwali asaini, na hili la leo aliweke kwenye maoni.

Mama Jedwali akacheka, cheko baya. Kisha akasema yote, na kila mtu kwenye kivuli cha ukuta aliyasikia.

"Miaka minane nakukatia maneno ya watu upate ukurasa mmoja. Hawa wameomba kipande cha chuma. Chuma, bosi, si barabara. Mimi nikakunja, wewe ukanipongeza, na kituo kinafungwa kwa kosa letu, mimi na wewe. Unaniambia niweke kwenye maoni? Nitaweka."

Aliupokea ukurasa wake uliochapwa vizuri, akauweka juu ya ubao wa mizani, akaazima kalamu ya mpimaji. Akaandika kwa mkono kuanzia ukingo wa kulia, pale safu ilipokuwa imekatwa. Aliandika maombi yote, mwaka kwa mwaka, kama yalivyokuwa kwenye nakala za buluu, na la mwaka wa sita hakupunguza hata neno. Pambizo likaisha, akageuza, akaendelea nyuma. Akaandika alichokiona ghala kuu, kwamba ufuta wa arobaini na saba ni daraja la kwanza na mtunza ghala ni shahidi. Akaandika kwamba jedwali la mbele ni la uongo na aliyelipanga ni yeye. Akatia saini.

Bwana Muhtasari alimwambia, taratibu, kwamba kwa karatasi hiyo anaweza kurudi mjini akakuta meza yake ina mtu mwingine. Mama Jedwali akamwambia huyo mtu apewe salamu, na choo kiko mkono wa kushoto. Lakini ukurasa ni huo. Bila saini yake kamati haipokei, na saini nyingine hatoi. Bwana Muhtasari alisimama nao muda mrefu. Kwa mara ya kwanza katika safari nzima alikuwa akisoma kitu mpaka mwisho, nyuma na mbele. Kisha akaukunja, akautia kwenye bahasha, akaenda garini bila kupiga picha.

Chini Hapo alichukua bambo lake la shibiri moja, akalifunga kwa lile gazeti, akalipandisha juu ya kabati. Akashuka na mwanzi mkononi. "Leo napima kwa huu," akawaambia wa kwenye foleni. "Atakayekuja kunifukuza aje na bambo."

Mama Jedwali akamgeukia kaka yake. Angeweza kumvuta pembeni, na pengine nafsi ilimshawishi. Lakini alimtukana mbele za watu, na watu walikuwa hapo hapo, wajomba wawili wamo.

"Kaka, siku ya msiba nilisema mnauza taka. Taka ilikuwa mezani kwangu. Baba alinitumia ujumbe, sikuusoma."

Kaka yake aliutazama ufuta, akatazama mwanzi unaozama kwenye gunia la jirani, juu, kati, chini. Uso wake haukulegea. Miaka miwili ya kupepeta mara tatu haifutiki kwa maneno ya nusu dakika, na hakujifanya imefutika. Alichuchumaa, akashika pembe mbili za turubai.

"Upepo ukija utapotea wote," alisema. "Mkia, shika upande ule."

Dereva akapiga honi mara mbili. Wifi alikuwa tayari amefungua mdomo wa gunia, shazia ameing'ata kwa meno, anawasubiri. Mama Jedwali hakugeuka, maana turubai lilikuwa zito na alihitaji mikono yote miwili.